Spiriti Iliyochemka Mapema

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa kemia Kasulu, na mtu akikuambia kwamba niliipenda kazi ile, mwambie nimesema mwenyewe kuwa ni uongo. Nilimwacha binti yangu wa miaka miwili kwa mama yangu, Muheza, nikaambiwa ni mwaka mmoja tu. Mwaka ule niliumalizia Kibondo. Wa pili nikaletwa Kasulu. Wa tatu ukaingia niko palepale, nimevaa sweta mbili, naangalia ukungu ukishuka juu ya migomba. Kila nikiomba uhamisho, mkuu wa shule ananijibu kwa upole uleule: "Mwalimu, ukiondoka wewe, nani atafundisha kemia?" Heri angenitukana.

Siku moja mkaguzi wa shule alikuja, akakuta maabara yetu haina kitu. Akatuambia mimi na mkuu, ofisini, kwamba akirudi asipoona wanafunzi wakifanya kemia kwa mikono yao, masomo ya sayansi pale yanafungwa, na mimi napelekwa Tanga, kuna shule inalia haina mwalimu. Mkuu alishika kichwa. Mimi niliinamisha uso wasije wakaona meno yangu. Tanga! Kutoka Tanga ningelala kwa mama kila Jumamosi.

Zoezi lililotakiwa lilikuwa jepesi. Mwanafunzi anapewa naftalini chafu, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kwenye sanduku la nguo, aisafishe. Kwanza achague kiyeyushi, yaani cha kuiyeyushia. Maji hayaiwezi. Petroli inaiyeyusha hata ikiwa baridi, na ikishaimeza haiirudishi. Spiriti ndiyo yenyewe: ikiwa moto inaipokea, ikipoa inairudisha, safi, vipande vinang'aa. Kila nilipofundisha somo lile nilijisemea moyoni kwamba Kasulu kwangu ni petroli.

Spiriti ilitoka Kigoma kwa lori la mzee mmoja mwenye duka pale mjini, mtu wa Pangani. Nilimwita mjomba kwa sababu ya u-Tanga wetu tu. Ikaja ndani ya dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa.

"Wallahi mwanangu, nimeliosha kwa sabuni," aliniapia.

Nikadondosha kidogo kwenye glasi ya maji. Maji yakawa meupe kama tui. Nikaweka tone juu ya kioo, likakauka, likaacha alama ya mafuta. Haifai, nikamwambia mkuu, na sauti yangu ilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuificha.

"Huwezi kuisafisha?"

"Nitajaribu," nikasema. Na kweli nilijaribu. Sikutaka kusemwa kwamba nimewaharibia watoto wa watu, wengine wametembea kutoka Nyakitonto na magodoro kichwani kuja kusoma. Nilitaka tu ishindikane yenyewe.

Nikaitia maji, mafuta ya taa yakaelea juu, nikayaengua. Kisha nikaanza kuikeneka: naichemsha taratibu, chupa ikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mvuke unapita kwenye bomba la kioo linalopozwa kwa maji ya ndoo, unadondoka upande wa pili. Mkuu alichungulia dirishani.

"Mwalimu, umeanza kupika gongo?"

"Nipishe, mkuu. Moto huu."

Ile iliyodondoka niliijaribu kwenye maji, maji yakabaki maangavu. Kwenye kioo haikuacha kitu. Ilibaki themometa. Kitabu kinasema spiriti safi huchemka kwenye nyuzi sabini na nane. Yangu ilisimama sabini na nne na ushee, ikagoma kupanda. Nikaikeneka tena. Palepale. Basi si safi, nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, na nikajikuta nacheka. Nilishaanza kufunga mizigo kichwani: kitenge cha mama, viatu vya mtoto, asali ya msitu wa Kagerankanda.

Nikaitoa themometa, na kwa mazoea tu, ili nione kama si mbovu, nikaichovya kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota. Maji, maji ya mvua. Nayo hayakufika mia. Yalisimama tisini na tano na nusu.

Loo! Huku milimani hewa ni nyepesi, kila kitu huchemka mapema. Kitabu kiliandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari, kwa watu wa kwetu pwani. Nilikuwa nimewafundisha hilo kidato cha tatu mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Themometa ilikuwa nzima na spiriti ilikuwa safi. Pale shuleni hakuna mwingine ambaye angejua. Mkuu alikuwa mwalimu wa historia.

Asubuhi yake mkaguzi akafika kutoka Kibondo, suruali ina matope hadi magotini. Wanafunzi wamesimama mezani. Akasoma ubaoni nilipoandika sabini na nne, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii si safi. Na mimi nilishasema." Akaanza kufunga mkoba wake.

Mlango wa kwenda Tanga ulikuwa wazi, jamani, kaufungua mwenyewe. Nilitakiwa kunyamaza tu. Nikawatazama wale vijana, wananitazama mimi, si yeye. Hasira ikanipanda, sijui kwa nani.

"Ni safi, ndugu mkaguzi," nikasema. "Ni mwinuko wa huku. Chemsha maji uone."

Akachemsha. Akaona. Zoezi likafanyika, na naftalini ikarudi kwenye chupa za watoto, nyeupe, inameta. Wakapiga makofi. Mkaguzi akanipa mkono, akamgeukia mkuu: "Mwalimu kama huyu usimwachie aondoke." Mkuu akasema hana mpango huo. Nilitoka nikaenda nyuma ya maabara, nikalia kwa uchungu hadi kamasi.

Mwisho wa mwaka nilipata likizo, ya kwanza tangu nipelekwe huko. Nilifika Muheza na asali yangu na viatu ambavyo vilikuwa vidogo. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini anakula muwa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Unanijua mimi nani?"

Akatikisa kichwa.

"Mimi mama yako."

Alinitazama vizuri, kwa adabu, kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Hapana," akasema. "Mama yangu yuko Kasulu."