Simu Zilizobaki Juu

Wasomaji wangu, taarifa ya kifo cha mzee mmoja niliyemfahamu ilitoka kwenye namba yake mwenyewe. Picha yake ileile, kofia imeinamia jicho, na maneno haya: "Mwenye simu hii amefariki leo mchana. Anayeandika ni mimi mnayenitafuta." Tangu jioni ile, simu yangu ikitetema nashtuka.

Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwenye machimbo ya dhahabu huko Tarime. Chini hakuna mtandao, basi mchimbaji humwachia simu kabla ya kushuka shimoni. Kwa kuwa simu za wote zilipita mikononi mwake, walimfanya admini wa kundi lao la mtandaoni, nami akaniunga nilipopita huko nikiandika riwaya. Kanuni yake ilikuwa moja tu: ambaye simu yake iko kibandani, hasemwi mpaka apande.

Asubuhi ya siku aliyokufa, kiroba cha mawe ya dhahabu kilikuwa hakionekani. Mmoja akamtaja kijana mgeni kutoka Natta. Kijana hakujibu.

"Kimya chake ndilo jibu."

"Asipande huyo, mura. Kata kamba."

"Fukieni shimo, tumalize."

Niliyasoma hayo nikiwa mbali, chai yangu ikapoa. Kisha admini akaandika: "Simu yake inachaji hapa kwangu. Mnamhukumu mtu aliye chini ya ardhi? Nimelifunga kundi. Akipanda atasema, na aliyemtaja atasema pia. Simtoi mtu yeyote kundini."

Yaliyofuata mjane wake alinisimulia msibani. Waliokasirika walimfuata kibandani. "Tata, baba yetu, fungua kundi." Akawajibu, "Mna haraka ya kwenda wapi, na mtu yuko shimoni? Kaeni, mama anachemsha chai." Wakakaa, wakinung'unika. Katikati ya chai akashika kifua, akaanguka. Walewale waliotaka kufukia shimo ndio waliombeba kwenda zahanati. Hakufika.

Jioni kijana akapanda, vumbi tupu, akaja kuchukua simu yake. "Shikamoo, mama. Mbona unalia?"

"Mzee wangu amekufa. Na wewe walitaka kukuzika." Akampa simu ya marehemu, maana ndiyo pekee iliyoweza kusema kundini. Kijana alitangaza msiba kwanza. Ndipo akajitetea: "Kiroba nilikihamisha, maji yalikuwa yanaingia. Kiko nyuma ya nguzo ya juu." Wachimbaji wakashuka, wakakikuta.

Kundi halijafunguliwa hadi leo. Mjane anaichaji ile simu kila siku, na akiombwa afungue huuliza kama wote wamepanda. Nami kila ninapoona watu mtandaoni wakimshambulia mtu asiyejibu, namwona yule kijana gizani, akigonga mwamba, hajui kwamba huku juu ameshahukumiwa. Sisi wenye mtandao kila mahali tumesahau kwamba kuna mahali ambapo haufiki: kwenye ugonjwa, kwenye msiba, kwenye aibu.

Kimya cha mtu si ungamo. Huenda yuko chini bado, na kamba yake tumeishika sisi.