Goti la Kaka

Bosi wa zamani wa karakana ile ya miguu ya bandia alikuwa mtu wa kuchukiza, na nalisema hilo bila kupepesa macho. Salamu hakuzijua. Ukimpelekea mguu uliouchonga mpaka viganja vikaota sugu, aliugeuzageuza, kisha akauliza swali lake moja: "Ubaya wake nini?" Ole wako umjibu kwamba hauna. Ulirudi nao mezani, na matusi ya nyongeza. Mafundi walimbandika jina la Mzee Ubaya, na alipostaafu walichangiana soda kwa furaha. Aliyefurahi kuliko wote ni fundi wa magoti, mwanamke mrefu na mpole, kwa sababu ndiye aliyetukanwa kuliko wote.

Bosi mpya alikataa kuitwa bosi. Niiteni Kaka, alisema, na kweli akawa kaka. Alikaa nao kwenye benchi wakati wa kula, aliwajua watoto wao kwa majina, na kwenye msiba hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe. Kila asubuhi walisimama duara wakapigiana makofi kwa kazi ya jana. Sisi hapa ni familia, alikuwa akisema. Msidhani alikuwa mnafiki. Aliwapenda kwa dhati, na hapo ndipo palipoharibikia.

Kaka alibuni goti. Lilitengenezwa kwa plastiki ya makreti yaliyoyeyushwa, jepesi, la bei ambayo hata mnyonge angeimudu. Enzi za Mzee Ubaya kitu kipya kilifungwa kwenye mashine ya kukunja na kukunjua mpaka kivunjike, ndipo mtu ajue kinavunjikia wapi. Kaka aliifunika mashine ile kwa turubai. Alisema mtoto hachambuliwi siku anayozaliwa, wote wakacheka, na magoti yakaanza kutoka.

Wa kwanza kulivaa alikuwa mtunza stoo, ambaye yeye mwenyewe ana mguu mmoja. Haikupita muda likamkunjikia ghafla akishuka ngazi, akang'oka meno mawili ya mbele. Mbele ya wenzake alifanya mzaha kwamba sasa atapiga mluzi bila kujifunza. Pembeni alimwonyesha yule fundi wa magoti tundu la pini lilivyopanuka. Fundi akapiga moyo konde, akaenda kwa Kaka.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga. Kesho yake alimsimamisha katikati ya duara, akausifu ujasiri wake, akambandika kifuani beji ya Mlezi wa Usalama. Makofi yakarindima. Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini jamani, kilimkaa. Miaka yote ya matusi, halafu leo watu wazima wanakupigia makofi!

Tangu hapo kila mwenye lalamiko alielekezwa kwake. Yeye alilipeleka kwa Kaka, Kaka alishukuru, na goti likabaki vilevile. Zikaja habari za watu walioanguka huko majumbani. Kaka alisema kwa upole kwamba hawajalizoea, na siku moja fundi alijisikia akimwambia mama mmoja mwenye mkono uliovunjika maneno hayohayo, kwa sauti ileile ya upole. Aliona aibu. Alipomlalamikia mtunza stoo, alisema Mzee Ubaya ungeweza kumjibu jeuri, lakini huyu anakukumbatia, utaanzia wapi?

Kisha kisukari kikamkata baba yake fundi mguu, juu ya goti.

Mzee huyo alimlea peke yake, na anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Fundi alijua la kufanya. Stoo lilikuwa limebaki goti moja la chuma la zamani, akaliweka kando kwa ajili yake. Lakini siku baba alipokuja kupimwa, karakana ilikuwa na wageni wafadhili, na Kaka akamkumbatia mzee, akatangaza kwamba baba wa Mlezi wa Usalama atavaa goti jipya, tena bure. Watu wakapiga makofi. Mzee hakuyajali makofi, akamgeukia bintiye.

"Mwanangu, goti hili ni zuri?"

Mkono wa Kaka ulikuwa begani mwa fundi. Wageni walikuwa wakitabasamu. Jibu alikuwa nalo mdomoni, na hakuna ambaye angemtukana kwa kulitoa. Wangemtazama tu kwa huzuni, kama mtu aliyeharibu harusi.

"Ni zuri, baba," alisema.

Wiki iliyofuata alikwenda stoo kulichukua lile la chuma. Mtunza stoo alimwambia Kaka ameliuza, pamoja na vyuma vyote vya zamani, kwa wanunua vyuma chakavu, ili karakana isiangalie nyuma. Fundi aliketi juu ya kreti akalia, na mwenzake hakuwa na mzaha wowote.

Siku hizi kila asubuhi, kabla ya kazi, hupitia kwa baba yake. Mzee amependeza, anatembea, anawaringia majirani. Hapo ngazini fundi humtangulia, ngazi moja chini, mikono nyuma, tayari kumdaka. Juzi alishindwa kuvumilia. Alimsimamisha pale juu, akamweleza yote: tundu la pini, meno ya mtunza stoo, mama mwenye mkono uliovunjika. Alimwomba arudie magongo mpaka apate goti lingine.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kazi imekuchosha wewe," alisema. "Lingekuwa baya ungeniambia siku ile ile, mbele ya watu. Mimi ndiye niliyekulea, nakujua."

Akashika ukingo wa ngazi, akatanguliza mguu mpya.