Ungo wa Mtani

Wageni wakija kwenye mfuko wetu wa kusaidia wanafunzi huuliza ulianzaje. Mwenyekiti huwapa maelezo marefu yenye neno "wadau" karibu kila sentensi. Mimi hucheka moyoni, kwa kuwa nilikuwepo. Ulianzishwa na mama mmoja wa Kizaramo aliyelala mlangoni akazuia jeneza lisitoke.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini Lusu, na nilikuwa na kifafa. Shule ilikuwa imeshanirudisha nyumbani kwa hofu. Mwalimu wangu wa hesabu ndiye aliyenifuata, akawafundisha wenzangu kunilaza ubavu nikianguka, na dawa ambazo zahanati haikuwa nazo akawa ananunua mwenyewe. Kila asubuhi, hata kabla sijamwamkia vizuri, alikuwa akiniuliza: "Umekunywa dawa?"

Halafu akafa yeye. Bibi alinichukua tukaenda kumzika kwao Kanyenye. Nililia sana, na sijipambi: nilimlilia yeye, nikajililia na mimi. Bila yeye hapakuwa na dawa, na bila dawa hapakuwa na shule.

Yule mama wa Kizaramo alikuwa jirani yao hapo, muuza khanga, na habari zangu alishasimuliwa na mwalimu mwenyewe. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo kichwani. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko, na anachotupiwa ni chake. Alitoka chumbani amevaa miwani ya marehemu, akajinyoosha mlangoni na ungo tumboni.

"Huyu hatoki! Nyie wabeba mizigo, mlikuja kwetu na meno ya tembo mkarudi na chumvi, mpaka leo hamjui bei ya kitu. Lipeni!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, hela zikaangukia kwenye ungo. Mara akaketi, akanitazama kwa juu ya miwani, mwalimu yule yule.

"Wewe wa Lusu. Umekunywa dawa?"

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu kwa mazoea.

Kicheko kikakatika. Akaivua ile miwani.

"Na kesho nani atamuuliza?" Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akamsukumia ungo kaka wa marehemu. "Hizi za mtoto huyu. Na mwakani nakuja tena kuwasumbua, msijifiche."

Akaja kweli, mwaka baada ya mwaka, siku ile ile ya kumkumbuka marehemu, na ungo wake na matusi yake. Mfuko ukapewa jina la mwalimu, ukapata kamati, ukafika kwa watoto wa Ziba mpaka Ulyankulu: sare, madaftari, matibabu. Mimi nilisoma hadi nikawa mwalimu, na nafundisha hesabu. Kila nilipojaribu kumshukuru yule mama alinikatiza. "Nitolee shukrani zako hapa, mtumwa wangu. Tangu lini mtani akashukuriwa?" Nikawa nameza maneno yangu na kurudi nayo nyumbani.

Mwaka huu amekufa yeye.

Nilipofika msibani wanawe wote walinigeukia, nikajua wananingoja. Nikajifunga khanga yake, nikachukua ungo, nikalala mlangoni. Kifuani nilikuwa na asante za miaka yote hiyo, na hata moja haikuruhusiwa kutoka.

"Mwizi huyu hatoki!" nikapiga kelele. "Khanga zake zilichuja kabla hazijaguswa na sabuni! Alichojua ni ngoma na nazi tu! Lipeni!"

Watu wakaanza kucheka. Nikataka kuendelea, badala yake nikaanza kulia pale chini kama mtoto wake wa kumzaa. Binti yake mkubwa akainama sikioni kwangu, macho mekundu.

"Mtani, hatukukuita kulia. Tukana."

Nikamtukana. Nilimtukana kwa kila kidonge nilichowahi kumeza, mpaka ungo ukajaa, ndipo nikainuka na kuwapisha wapite naye.