Pua ya Wifi

Mashati yetu ya kazi yameandikwa mgongoni "Usafi wa Kina", na kama hujawahi kuajiri kampuni ya usafi utadhani hayo ni maneno ya kuvutia wateja tu. Kwa wengi ni hivyo. Kwa wifi yangu yalikuwa sheria. Akiingia ofisini kwako hakuanza na sakafu, kama wanavyofanya wababaishaji. Alianza juu, kwenye dari, feni na matundu ya kiyoyozi, ndipo ateremke kwenye madirisha, makabati, swichi, na vitasa vya milango ambavyo kila mtu anavishika na hakuna anayevifuta. Tambara jekundu lilikuwa la choo, la bluu la meza, la kijani la jikoni, na ole wako akukute na jekundu kwenye meza ya mtu. Kabati alilisogeza. Kama ulikuwa mteja uliyezoea kufagiliwa mpaka pale kabati linapoanzia, ungeona haya kwa vitu vilivyokuwa vikitoka huko nyuma.

Ni mjane wa kaka yangu. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mitatu, yeye akiwa kiongozi wa kundi la watu sita, mimi mmoja wa hao sita, na kazini kila mtu alimwita Mama Pua. Jina hilo alilifanyia kazi. Usafi ukiisha alifunga milango na madirisha ya chumba kwa nusu saa, kisha akaingia wa kwanza, hatua tatu, akavuta pumzi. Akiridhika alisema, "Kinapumua." Hapo ndipo tulikusanya ndoo zetu. Asiposema tulianza upya, hata kama mteja mwenyewe ameridhika na anataka kwenda zake. Aliweza kukwambia kuna ganda la chungwa nyuma ya droo ya tatu. Tulikuwa tunamcheka, tunakwenda kutazama, na tunalikuta.

Miaka mitatu iliyopita, katika choo kisicho na dirisha, alimimina klorini kwenye ndoo iliyokuwa na mabaki ya tindikali ya kusugulia masinki. Ni kosa alilotukemea nalo kila Jumatatu, na siku hiyo alilifanya yeye, kwa haraka tu. Alitoka akikohoa, machozi yanamtiririka. Hospitali walimwambia mapafu yatapona na pua isubiriwe. Tukasubiri. Mapafu yakapona.

"Wifi," aliniambia siku moja tukianua matambara, "pua yangu imekuwa kiziwi."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Kumbe mwenzangu analia. Hakusikia tena harufu ya sabuni, wala ya chakula kikiungua, wala ya kichwa cha mjukuu wake anayelala naye kitanda kimoja. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nyumbani kwake kuna binti asiye na kazi na huyo mjukuu, wote wanamtegemea yeye, na uongozi wa kundi ndio uliokuwa ukimweka mjini. Lakini nadhani alichoogopa zaidi ni kubaki Mama Pua asiye na pua. Watu wangemcheka mpaka kaburini, na mimi nawajua watu.

Basi tukapanga. Nisimame nyuma yake mlangoni. Akivuta pumzi, ageuke kidogo kunitazama. Chumba kikinuka, nijikune sikio. Kikiwa safi, nitulie. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili na hakuna aliyetushtukia. Wenzetu walimtania kwamba siku hizi Mama Pua hafanyi kazi bila wifi, mpaka ashike mtandao kwanza, naye akacheka nao. Mimi nikajiona mtu muhimu. Sijawahi kuwa muhimu popote pengine, kwa hiyo nilipapenda pale mlangoni.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Tulikuwa tunakabidhi ofisi za kampuni moja ya bima baada ya siku tatu za kazi. Tulikuwa tumeosha zulia la chumba cha mikutano Jumamosi, umeme ukakatika kabla mashine za kukausha hazijamaliza, na Jumatatu asubuhi likaonekana kavu kwa juu. Mimi nilikuwa nimemaliza vyoo. Wifi akaja na leso yake nyeupe, akapitisha mkono chini ya sinki, mahali ambapo hata anayelisimika hapatazami, na leso ikatoka na mstari mweusi. Angeweza kuniambia kwa upole. Aliwaita wenzetu wote waje waone.

"Kaka yake aliniambia mapema," akawaambia. "Alisema dada yake huyu anafagia macho ya watu, hafagii nyumba."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilipiga magoti nikasugua upya, na huku chini nilikuwa nachemka. Nilijisemea, huyu mwanamke anaongoza kwa pua yangu. Bila mimi hajui choo na duka la marashi. Na anathubutu kumtoa kaka yangu kaburini aje kunisuta mbele ya watu.

Saa nne akaja meneja wetu. Tunamwita Bwana Tai, kwa ajili ya ile tai anayoivaa hata kwenye jua kali, ingawa wapo wanaosema ni kwa ajili ya ndege. Alikuwa na mama mmoja, ofisa utawala wa ile bima, mwenye orodha mkononi. Walikagua vizuri. Yule mama alifungua droo, akagusa swichi, akapanda kiti kutazama juu ya kabati, na kila mahali alikuta kazi ya wifi yangu. Kilibaki chumba cha mikutano.

Mlango ulipofunguliwa ilinifikia palepale, harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Wifi akaingia hatua tatu. Akavuta pumzi kwa madaha, kama zamani. Akageuka kunitazama.

Mkono wangu haukuinuka. Nisijitetee. Sikusahau, sikuchelewa, hakuna aliyeniziba. Nilitulia makusudi, na nilitazama ndoo.

"Kinapumua," wifi akasema.

Yule mama akaziba pua kwa orodha yake. Akamuuliza Bwana Tai kama huyu anayemhakikishia usafi anasikia kweli. Bwana Tai si mjinga. Alimtazama wifi, akanitazama mimi, kisha akaenda kwenye toroli la vifaa, akamimina kitu kwenye kifuniko cha chupa na kukileta mpaka chini ya pua ya wifi.

"Hii ni nini?"

Wifi alinitazama tena. Ningeweza kutamka neno moja kwa midomo tu, na kosa lile la kwanza lingesameheka. Nikarudi kutazama ndoo.

"Maji ya sabuni," akasema.

Ilikuwa klorini. Sisi tuliosimama hatua nne nyuma tulikuwa tunapepesa macho.

Hakufukuzwa. Bwana Tai alijiona mwenye huruma, na alilieleza jambo lenyewe akicheka. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya vyoo na makaro ya soko kuu, na kila anayepelekwa kule anakimbia kabla ya wiki kuisha. "Wewe mama umeumbiwa kazi hii," alimwambia. "Hutasikia chochote." Wiki iliyofuata akanipa mimi kundi, kwa sababu nilikuwa mlangoni siku zote na inaonekana nilijifunza.

Wifi alikuja kunipongeza. Alikuja pia na dawa ya mafua, kwa sababu katika kuzungusha akili kutafuta ni kwa nini sikujikuna sikio, aliamua kwamba siku ile nilikuwa nimeziba pua. Aliniuliza kama nimepona. Nikasema nimepona. Nilijua kwamba hapo ndipo pa kusema, na nikameza vidonge viwili mbele yake kwa maji, mimi niliye mzima wa afya.

Sasa ana miezi saba kwenye makaro. Hajakimbia. Anasugua kuta za vyoo vya soko kuanzia juu kwenda chini na kupanga matambara yake kwa rangi, na hakuna meneja anayekwenda kukagua kule, wala hakuna anayesubiri aseme neno lake. Mimi ninalisema neno lile kila siku kwenye maofisi ya watu.

Jioni hupita kwangu kabla ya kwenda kwake. Anaoga kulekule kazini mara mbili, kwa sabuni ya mche, anabadili nguo zote. Harufu haitoki. Imeingia kwenye nywele, kwenye ngozi ya vidole, sijui. Anasimama mlangoni haingii.

"Wifi, hebu ninuse. Binti yangu nikimuuliza ananiambia sinuki, lakini anajibu akiwa chumba cha pili. Wewe hunifichi. Nanuka?"

Namsogelea mpaka kwenye shingo. Navuta pumzi.

"Hunuki," nasema.

Anaingia, anaketi, tunazungumza mambo ya nyumbani. Akiondoka nafungua madirisha yote na kuosha kitambaa cha kiti. Ningemwambia kweli siku ya kwanza, angejitenga na watu, nami nilishamnyang'anya vya kutosha. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Jana alikuja amechangamka. Alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mjukuu wake. Mwanzoni alisita kwenda, akasema, ila akakumbuka nilivyomwambia, akaenda na kukaa mstari wa mbele.

"Wifi, wazazi wa siku hizi wana adabu," akaniambia. "Ukumbi umejaa, watu wamesimama ukutani, lakini waliniachia benchi zima nikakaa peke yangu."

Nikamwambia ni kweli, wana adabu.