Kobe wa Akelo Apata Cheo

Akelo Otuoma alikuwa mpishi wa fundi wa Kizungu aliyekuja Pasiansi kufunga majokofu katika kiwanda cha samaki. Mkataba ulipokwisha mwaka 1996, fundi alirudi kwao, akamwachia kobe mdogo wa majini aliyekuja naye. Akelo akamhamishia Igogo, akamweka kwenye beseni uani na kumwita Opuk, yaani kobe kwa Kijaluo. Mume alishafariki, mabinti wameolewa Shirati. Aliyebaki nyumbani ni Opuk, anayenyoosha shingo akisikia hatua zake.

Habari za kobe zilipofika ofisi ya wanyamapori, jirani yake Odeta akamfundisha la kusema. "Usimtaje Mzungu. Sema ni wa hapa hapa, watakuachia."

Ofisa Mashimba alikuja asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu katoka wapi?"

"Wa hapa hapa. Wa ziwani."

"Vizuri. Hata wa kwetu hafugwi bila kibali, kwa hiyo anarudi ziwani." Akainua beseni.

Akelo akamfuata hadi mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakaangua kicheko.

"Mtupe tu, ofisa! Mwakani viwanda vitapeleka minofu yake Ulaya, sisi tule mapanki, mifupa mitupu!"

Mashimba alipoliinamisha beseni, Akelo akalidaka ukingoni.

"Ngoja, mwanangu. Nimedanganya. Aliletwa na Mzungu niliyempikia. Mtazame nyuma ya macho. Umewahi kuona kobe wetu mwenye wekundu ule?"

Mashimba akachuchumaa, akamgeuza huku na huku. Hakuwahi.

"Sasa mama, umejiongezea kosa. Mgeni huingia nchini kwa kibali, na kibali alipaswa kuwa nacho huyo Mzungu wako."

"Basi mchukue. Ila usimtupe humu, sangara watamla."

"Au yeye atakula wenzake. Sangara naye alikuja mgeni, na wale furu wetu wadogo aliowala wako wapi leo? Kumwachia humu ni kosa kubwa kuliko lako."

Ofisini hapakuwa na beseni, wala mtu wa kumlisha. Mashimba akafikiri, kisha akatamka kwamba kobe huyo ni kielelezo, yaani ushahidi wa kesi: asiuzwe, asipewe mtu, asiachiwe mpaka uamuzi utoke.

"Kwa hiyo nirudi naye?"

"Kwa hiyo huruhusiwi kuachana naye."

Mwaka wa pili huu. Odeta humwita kobe huyo Mheshimiwa Kielelezo. Mashimba hupita mara kwa mara kumkagua, na Akelo humuuliza, mkono kwenye beseni, kama uamuzi umetoka.

"Bado, mama."

"Msiharakishe, mwanangu."