Mkebe Usio na Mhuri

Haroun Muktar hakuwahi kutundika nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi. Kwa miaka ishirini na mbili bucha yake ya Emali ilishika sheria hiyo, na aliyemletea mbuzi wa uchochoroni alifukuzwa kwa maneno ya kumtosha wiki nzima. Tumbo lake mwenyewe ndilo lililokosa mkaguzi.

Kliniki ilimpima, ikamkuta na presha, na mafuta yamezidi katika damu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote. Hayo "maisha yake yote" ndiyo yaliyomkera. Basi akaja Kiilu, muuza virutubisho, koti jeupe mwilini, udaktari hana. Alitia kipande cha mafuta ya mbuzi katika glasi, akanyunyiza unga wa kijani kutoka mkebeni, akamimina maji ya moto. Mafuta yakayeyuka.

"Umeona, mzee? Mishipa yako itaoshwa hivyo hivyo."

Haroun, aliyeyeyusha mafuta ya mbuzi tangu ujana wake, alitazama kama aliyeonyeshwa muujiza, akanunua mkebe.

"Baba Nusaiba," mkewe Bushra alimwambia jioni, "hata maji matupu yangeyayeyusha. Au damu yako inachemka kama birika?"

"Wewe unajua nini mambo ya damu?"

"Najua sufuria. Na huo mkebe una mhuri wa nani?"

"Una picha ya moyo."

"Basi kesho tundika nyama yenye picha ya mbuzi."

Vidonge vya kliniki Haroun alivifungia kabatini, unga akaukoroga asubuhi na jioni kwa miezi minne. Na kwa kuwa mishipa ilikuwa inaoshwa, alirudia supu ya mafuta aliyokatazwa. Kupimwa hakwenda, kwani Kiilu alimwambia mashine hutia watu hofu, na hofu ndiyo hupandisha presha. Mtu mzima akakubali.

Alhamisi moja machinjioni, akiwa ameinama juu ya beberu, alianza kusema "Bismillahi" na neno likamfia kinywani. Mdomo ulikwenda upande, kisu kikaanguka. Hospitalini daktari aliunusa ule unga alioletewa na Bushra, akasema ni majani tu. Kilichomwangusha ni vidonge vilivyobaki kabatini.

Kiilu sasa yuko Malili na glasi yake ile ile.

Mkono wa kulia wa Haroun haushiki kisu wala kijiko. Mbuzi wake huchinjwa na mtu mwingine, naye hulishwa na Bushra.