Mchinjaji Ambaye Sikumwandika

Mimi ni mtu wa orodha. Kamati yetu ya kijiji cha Gendabi ilipoamua kuwatunuku watu wawili waliotuletea maji, niliandika kila kitu kama katibu: viti, maturubai, masufuria, chumvi, hata kamba za mbuzi. Watunukiwa walikuwa mama jirani yangu, mwenyekiti wa kamati ya maji, na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Katesh, aliyetoa mabomba bila kudai chochote.

Asubuhi ya sherehe mbuzi watatu walikuwa wamefungwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Mama akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Katibu, viti umeviandika. Chumvi umeiandika. Mchinjaji umemwandika wapi?"

Nilipekua orodha yote; hakuwemo. Karibu sote pale ni Wakristo, lakini kwenye shughuli ya watu wote huchinja Mwislamu, ili asiwepo wa kukaa na sahani tupu. Na kwa miaka mingi mchinjaji wetu amekuwa mzee yule yule wa Katesh. Hakuna aliyewahi kumwandika popote; alipigiwa simu tu, akaja. Safari hii tulimwalika kama mgeni wa heshima, nami sikuona kwamba nafasi yake imebaki wazi. Kumpa mgeni kisu kwenye sherehe yake ni aibu. Tukichinja wenyewe, atakaa meza ya mbele bila kula. Niliwapigia Waislamu wengine wawili ninaowafahamu. Mmoja alikuwa mnadani, mwingine hakupatikana.

Saa mbili na nusu gari la mzee likaingia. Alishuka na koti la dukani. Kanzu ilikuwa imetundikwa ndani ya gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbuzi wako wapi?"

"Mzee, leo wewe ni mgeni wa heshima."

"Kwani mgeni wa heshima hali nyama?" Akatoa kisu kilichofungwa kwenye gazeti. "Mlitegemea aje nani, malaika?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Katibu alitaka kuwachinja kwa kalamu!"

Mzee alichinja, akanawa, akavaa kanzu. Saa sita nikasimama kusoma cheti chake, nilichokiandika mwenyewe kwa wino mweusi: kwa mchango wa mabomba ya maji. Nikaona hakijakamilika. Nikaomba radhi, nikachomoa kalamu iliyokuwa mfukoni, ya bluu, nikaongeza mstari watu wakisubiri, kisha nikausoma: "Na kwa kutuchinjia miaka yote, tukala pamoja." Mama alipiga vigelegele kabla sijamaliza.

Cheti sasa kiko dukani Katesh, juu ya makopo ya misumari. Mstari wa bluu umepanda kuelekea kulia, jambo linalonisumbua kila nikienda kununua kitu. Nimejitolea mara mbili kukiandika upya. Mzee amekataa mara zote mbili.